Mada ya 9: Kulinda Aloi dhidi ya Mmomonyoko wa Viputo

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi viputo vya mvuke vinavyokula metali;
(b) kutofautisha mmomonyoko huu na kutu;
(c) kutaja njia nne za kuimarisha uso wa aloi, pamoja na ubora na udhaifu wa kila moja.

9.1 Utangulizi

Maji ni laini na chuma ni kigumu. Hata hivyo, rafadha ya meli au gurudumu la turbaini ya kufua umeme linaweza kukutwa limejaa vishimo mithili ya sifongo. Ukiona vishimo hivyo usikimbilie kuandika "kutu". Huenda ni mmomonyoko wa viputo, ambao pia huitwa mmomonyoko wa kavitesheni. Nchini kwetu umeme wa Kidatu, Mtera na Bwawa la Julius Nyerere hufuliwa kwa turbaini za maji, kwa hiyo mada hii inahusu taa unayosomea usiku.

9.2 Viputo hutokeaje?

Umejifunza kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hiyo ni kweli pale tu kanieneo inapokuwa ile ya hewa ya usawa wa bahari, yaani takriban kPa 101. Kanieneo ikipungua, maji huchemka kwenye jotoridi la chini zaidi. Ikishuka hadi kPa 2.3 hivi, maji ya nyuzi 20 huchemka bila kupashwa moto.

Kanuni ya Bernoulli inasema kuwa mahali ambapo mwendokasi wa kimiminika ni mkubwa, kanieneo huwa ndogo. Sasa fuata hatua hizi:

1. Maji hupita kwa kasi mgongoni mwa pangaboi, na kanieneo hushuka.
2. Maji huchemka hapo hapo na kufanya viputo vya mvuke.
3. Mkondo husukuma viputo hadi mahali penye kanieneo kubwa.
4. Viputo hubomoka ghafla. Kilicho karibu na metali hurusha kichirizi chembamba cha maji usoni mwake, na wimbi la mshtuko hufuata.
5. Mapigo hayo hurudiwa mara nyingi mno. Uso huchoka, hupata nyufa, kisha hubanduka vipande vidogo vidogo.

Mfano wa hesabu. Maji ya nyuzi 20 yametulia kwenye kanieneo ya kPa 101. Yakienda kwa mwendokasi gani, kwenye kimo kile kile, yataanza kuchemka? (Densiti ya maji = kg 1000 kwa mita ya ujazo.)

Punguo la kanieneo = 101 − 2.3 = kPa 98.7 = Pa 98,700
½ × 1000 × v² = 98,700
v² = 197.4
v = mita 14 kwa sekunde, kwa kukadiria.

Mwendokasi huo si mkubwa kwa ncha ya rafadha. Ndiyo maana tatizo hili liliwasumbua mapema waunda meli. Mwaka 1894 Charles Parsons wa Uingereza aliunda meli iitwayo Turbinia. Rafadha yake moja ilizunguka kwa kasi mno, ikajizingira kwa mvuke na kukosa maji ya kusukuma. Parsons akaweka mihimili mitatu yenye rafadha tatu kila mmoja, na Turbinia ikavuka noti 34.

9.3 Kutu na mmomonyoko wa viputo

Kutu ni badiliko la kikemikali: chuma huungana na oksijeni kukiwa na maji. Mmomonyoko wa viputo ni tendo la kimakanika: metali hupigwa hadi ibanduke. Kwa hiyo kupaka zinki, ambako huzuia kutu vizuri, hakusaidii hapa, kwa sababu zinki ni laini. Hata hivyo mambo haya mawili husaidiana kuharibu: viputo hung'oa utando wa oksaidi unaokinga aloi, nayo kemikali hupata uso mpya wa kushambulia.

9.4 Njia za kuimarisha uso

Kwanza huchaguliwa aloi inayofaa. Magurudumu mengi ya turbaini hufanywa kwa chuma cha pua chenye kromiamu asilimia 13 na nikeli asilimia 4. Rafadha nyingi hufanywa kwa bronzi ya nikeli na aluminiamu. Kisha uso hutibiwa:

(i) Kuchomelea tabaka gumu. Sehemu iliyoliwa husagwa hadi metali nzima, kisha hujazwa kwa aloi bora, kwa mfano Stellite, ambayo ni kobalti yenye kromiamu na tungsteni. Inapopigwa, mpangilio wa atomi zake hubadilika na kumeza nguvu ya pigo. *Udhaifu:* kobalti ni ghali, na joto la kuchomelea linaweza kupinda pangaboi.

(ii) Kuingiza nitrojeni. Chuma hupashwa moto hadi nyuzi 500 hivi ndani ya gesi ya amonia. Nitrojeni hupenya na uso huwa mgumu. *Udhaifu:* tabaka ni jembamba.

(iii) Kupiga uso kwa gololi ndogo. Gololi hukandamiza uso, hivyo nyufa huchelewa kufunguka. *Udhaifu:* huchelewesha tu uharibifu, na uso uliokwaruzika huchochea viputo.

(iv) Kupaka mpira au poliyurethani. Tabaka hili hunyumbuka na kupokea pigo. *Udhaifu:* gundi ikiachia, hubanduka pande kubwa.

Kumbuka: Ugumu peke yake hautoshi. Tabaka gumu lakini jepesi kuvunjika, kama kioo, hupasuka chini ya mapigo. Uso bora ni mgumu na mkakamavu kwa pamoja.

9.5 Swali na jibu la mfano

*Fundi alipaka zinki pangaboi la pampu. Baada ya muda likawa na vishimo. Eleza kwa nini, na umshauri. (Alama 4)*

Jibu: Zinki huzuia kutu (1), lakini vishimo vililetwa na viputo vilivyobomoka usoni (1). Ajaze vishimo kwa kuchomelea aloi ngumu na kakamavu, kisha alainishe uso (1). Apunguze mwendokasi wa pampu au aishushe karibu na maji ili kanieneo ya kuingilia iongezeke (1).

Angalia alama ya mwisho: uso ulioimarishwa huchelewesha uharibifu, bali kanieneo ikiongezeka viputo havitokei kabisa. Jibu kamili hugusa yote mawili.

9.6 Jipime

1. Kwa nini maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 20?
2. Taja tofauti mbili kati ya kutu na mmomonyoko wa viputo.
3. Rudia mfano wa 9.2 kwa maji yaliyo mita 10 chini ya uso wa ziwa lililo usawa wa bahari (g = 9.8). *Jibu: takriban mita 19.8 kwa sekunde.*
4. Kwa kutumia jibu la swali la 3, eleza kwa nini wahandisi huweka turbaini chini sana.