Avokado zetu zifike vipi ng'ambo?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima wa avokado aina ya Hass, wengine Kitale, wengine Bungoma. Dalali huja na pikapu, huhesabu matunda na kutupa bei aitakayo. Tutauzaje ng'ambo?

JIBU: Ndugu zangu, msianze na mnunuzi, anzeni na tunda. Hass huiva baada ya kuchumwa. Ikichumwa changa hunywea na kuwa kama mpira. Kontena moja la matunda machanga huharibu jina la Kenya nzima, na ndiyo maana serikali kwa kawaida husimamisha uvunaji mwishoni mwa mwaka. Kateni vipande vyembamba vya tunda, mpime, mvikaushe kabisa, mpime tena: uzito unaobaki ndio unaoonyesha ukomavu. Vuneni kwa mkasi, muache kikonyo kifupi. Tunda lililoanguka chini lisiingie kretini, hata likionekana zima.

Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 meli nyingi ziendazo Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ni ndefu, kwa hiyo chumeni asubuhi, mtunze kivulini, na matunda yaingie kwenye baridi siku hiyo hiyo.

China ilifungua soko lake kwa avokado mbichi za Kenya mwaka 2022, lakini hutaka shamba na kituo cha kupakia visajiliwe, na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, hukagua. Wekeni daftari la kila dawa mnayopuliza. Kwa msimu wa kwanza, uzeni kupitia kampuni yenye leseni, kwa mkataba wa maandishi, na bei iwe ya kilo, si ya tunda.