Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Kidogo

Mtahiniwa, unaweza kutaja kazi za prosesa, RAM na diski bila kukosea, lakini swali likikupa kiasi cha fedha na kukutaka uchague vipuri ukapoteza alama. Sababu ni moja: wengi huchagua kipuri cha bei kubwa bila kuuliza kama vingine vinakiweza. Soma swali hili kwa makini.

Swali: Kijana wa Karatu ana shilingi 600,000. Kioo, kibodi na kipanya anavyo. Dukani Arusha amekuta kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, shilingi 280,000. Ina prosesa ya wati 65, RAM moja ya GB 4, diski ya kuzunguka, na pawa saplai ya wati 290. Kuna kadi ya michoro A ya wati 75, shilingi 220,000, na kadi B ya wati 150, shilingi 300,000. SSD ni 60,000 na RAM nyingine ya GB 4 ni 25,000. Vipuri vilivyobaki hutumia wati 50. Achague kadi ipi? Eleza.

Jibu: Anza na umeme, si bei. Ukiweka kadi A, jumla ni 65 + 75 + 50 = wati 190, yaani kama asilimia 66 ya uwezo wa pawa saplai. Ukiweka B, jumla ni 265, asilimia 91. Hapo gemu likipamba moto kompyuta inaweza kujizima. Tena, nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi B inadai waya wake wa ziada kutoka pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo.

Sasa fedha. Kompyuta, kadi A, SSD na RAM ni 280,000 + 220,000 + 60,000 + 25,000 = 585,000. Ukichukua B, unabaki na 20,000, wala SSD hupati. Jibu ni A.

Kwa nini RAM ya pili? Gemu la GTA V, kwa mfano, linataka angalau GB 4, lakini watengenezaji wanapendekeza GB 8. Zaidi ya hapo, RAM mbili zinazofanana hupitisha data sambamba. Faida hiyo huonekana hasa kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro, kwa kuwa michoro yake huazima RAM ya kompyuta.

Usidharau kioo kidogo. Kioo cha 1366 kwa 768 kina vidoti 1,049,088. Cha 1920 kwa 1080 kina vidoti 2,073,600. Kadi ileile inachora karibu mara mbili ya kazi. Mwenye fedha kidogo abaki na kioo chake cha zamani.

Ukiulizwa kuhusu mazingira, tumia ya kwenu. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi huziba feni na mapezi ya kupoza. Joto likipanda, prosesa hupunguza kasi yenyewe. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko juu ya mita 2,200. Hewa ni ya baridi, ndiyo, lakini ni nyepesi, hivyo feni hubeba joto kidogo kuliko ingebeba pwani katika nyuzi zilezile. Na anayesafirisha kompyuta kwenye barabara ya kokoto baada ya lango la Loduare ana sababu ya pili ya kutaka SSD: haina kitu kinachozunguka ndani.

Jambo moja ambalo vitabu vingi havisemi: jina kwenye boksi halitoshi. Kadi ya GT 1030 ilitoka kwa aina mbili, yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na ya pili ni nzito zaidi kwenye gemu ingawa jina ni moja. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina jipya. Programu ya GPU-Z huweza kuzitambua, kwa hiyo iendeshe hapohapo dukani kabla ya kulipa. Kutoka Karatu hadi Arusha ni kilometa zipatazo 140, na kurudisha kipuri ni nauli nyingine.

Zoezi: Rudia swali la juu, kijana akiwa na shilingi 450,000. Aache nini kwanza, na kwa nini? (Alama 10)