Jiwe la Tororo, Njaa ya Udongo wa Busia
Nasomea kilimo, na hujiuliza: vilima vya Sukulu, Tororo, vina mawe ya fosfeti, mbona mahindi ya Busia, jirani tu, hudumaa kwa kukosa fosforasi? Jiwe hilo huyeyuka polepole mno, na udongo wenye asidi huifunga fosforasi kwa chuma na alumini. Likisagwa kuwa chembe za nano, zisizozidi nanomita 100, sehemu inayogusana na maji huongezeka, nalo huyeyuka upesi zaidi. Lakini asidi haiondoki. Chokaa bado yahitajika. Basi tupime udongo kwanza. Kumshauri mkulima maskini anunue asichohitaji ni israfu, na elimu tuliyopewa ni amana.