Kuandika Kumbukumbu kwa Simu ya Mkononi



Umekwisha kujua kusoma na kuandika. Una daftari na kalamu. Lakini mara nyingi daftari liko nyumbani, na jambo la kuandika liko shambani, mnadani au zahanati. Bwana shamba anakutajia kipimo cha dawa. Muuguzi anakutajia tarehe ya kumrudisha mtoto kliniki. Daftari huna, ila simu unayo mfukoni.

Simu hushika maneno kwa njia nyingi. Unaweza kubonyeza vitufe. Unaweza kugusa herufi juu ya kioo. Unaweza kusema nayo ikaandika, au ukarekodi sauti tu. Unaweza hata kupiga picha ya karatasi. Watu wengi hushika njia ile ya kwanza waliyoonyeshwa na mtoto wao, wala hawatafuti nyingine. Somo hili ni la kukusaidia kuchagua.

Mfano wetu utakuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tumemchagua katibu kwa sababu akiandika vibaya, mtu anaweza kudaiwa fedha alizokwisha kulipa.

Tuseme katibu huyu ni mama aliyejifunza kusoma ukubwani. Daftari la kikundi limo ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu. Leo ni Jumatano. Kikundi kinakutana Jumamosi. Njiani anakutana na mzee mmoja mwanachama.

"Mama Katibu, shika marejesho yangu, elfu hamsini na tano. Jumamosi sitafika, mguu unanisumbua."

"Pole, baba. Ngoja niandike ukiwa hapa hapa."

Mama Katibu anatoa simu. Je, aandike kwa njia gani?

SIMU YA VITUFE

Tuanze na simu ndogo, ile ambayo wengi tunaiita kitochi. Kila kitufe kina tarakimu moja, na vitufe vingi vina herufi tatu au nne pia. Kitufe cha 2 kina a, b, c. Kitufe cha 3 kina d, e, f. Kitufe cha 7 kina herufi nne: p, q, r, s. Ukibonyeza 7 mara moja unapata p. Ukitaka s, bonyeza haraka mara nne.

Sasa andika neno "deni". Herufi d na e zote ziko kwenye kitufe cha 3. Bonyeza mara moja upate d. Halafu ngoja kidogo. Ndipo ubonyeze mara mbili upate e. Usipongoja, simu itahesabu mara tatu na kukupa f. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukasirika na kusema simu ni mbovu. Simu si mbovu, inahesabu tu.

Njia hii ni ya polepole, lakini ina sifa moja kubwa. Kila herufi inayotokea umeiweka wewe mwenyewe.

Simu nyingine ndogo zina njia ya kubahatisha neno. Unabonyeza kila kitufe mara moja tu, na simu inatafuta neno katika kamusi iliyo ndani yake. Kazi huenda mbio. Lakini angalia maneno haya mawili: "amekopa" na "amekosa". Yanatofautiana kwa herufi moja, p na s, na zote mbili ziko kwenye kitufe cha 7. Kwa hiyo vitufe vya kubonyeza ni vile vile: 2, 6, 3, 5, 6, 7, 2. Simu haiwezi kujua unataka lipi. Inakupa moja, na wewe usipotazama kioo unaendelea. Mtu aliyekopa anaandikwa kuwa amekosa! Ni hivyo hivyo kwa "lipa" na "kisa". Na kama kamusi ya simu ni ya Kiingereza, huenda usipate neno lolote kati ya hayo.

Kwa maoni yangu, mtu anayeandika mambo ya fedha kwa kitochi aizime njia hiyo ya kubahatisha. Akitaka tarakimu, katika simu nyingi atabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka tarakimu itokee.

Maandishi yahifadhiwe wapi? Simu ikiwa na mahali pa kuweka maandishi, tumia hapo. Isipokuwa nayo, andika kama ujumbe. Katika mfano wetu, Mama Katibu anaweza kuutuma ujumbe huo kwa mweka hazina. Sasa kumbukumbu iko katika simu mbili, na hata simu moja ikitumbukia kisimani, ya pili ipo. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, pamoja na nafasi na nukta. Zinatosha kabisa kwa jina, tarehe na kiasi cha fedha.

SIMU YA KUPANGUSA

Simu ya kupangusa haina vitufe vya kubonyeza. Herufi zimechorwa kwenye kioo, nawe unazigusa. Kila herufi ina mahali pake, basi hakuna kuhesabu mara ngapi.

Mwanzoni mpangilio wake unachosha. Hauanzi na a, b, ch kama ubaoni. Unaanza na q, w, e, r, t, y. Hiyo q hata hatuitumii katika Kiswahili. Mpangilio huu ulitoka kwenye mashine za chapa zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, na watu wamekwisha kuuzoea. Usiukariri wote kwa siku moja. Andika jina lako kila siku, halafu majina ya jirani zako, na vidole vitazoea vyenyewe.

Simu hizi nazo hupenda kusahihisha. Ikiwa imewekwa Kiingereza, inaweza kuliondoa neno lako zuri la Kiswahili na kuweka la kwake. Mwombe mtu anayejua aiweke katika Kiswahili, au aizuie isisahihishe.

Baadhi ya simu za kupangusa hukuruhusu kuchora herufi kwa kidole, kama unavyoandika mchangani. Jambo hili si geni. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo Pilot. Mtu aliandika kwa kijiti juu ya kioo chake. Lakini haikusoma mwandiko wa kawaida. Ilikuwa na herufi zake zilizorahisishwa, na A iliandikwa bila kistari cha katikati. Basi watu wenye vyeo na shahada wakakaa chini kujifunza herufi upya, watu wazima kabisa! Simu za leo husoma mwandiko wa kawaida vizuri zaidi. Ila kwa kumbukumbu ndefu, kidole huchoka.

KUSEMA BADALA YA KUANDIKA

Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimo katika njia ya Google ya kuandika kwa sauti. Unagusa alama ya kipaza sauti, unasema, na maneno yanajiandika. Kwa mtu ambaye vidole bado ni vizito, hii ni raha. Mara nyingi inahitaji intaneti, na inahitaji utulivu. Mvua ikipiga juu ya bati, au mashine ya kusaga ikiunguruma jirani, maandishi huharibika.

Hatari zaidi ni tarakimu. Mzee amesema "elfu hamsini na tano". Wewe na mimi tunaelewa 55,000. Lakini maneno hayo hayo yanaweza pia kuwa 50,005. Lugha yetu inaruhusu yote mawili, na sisi huchagua kwa akili na mazoea. Simu inaweza kuchagua vingine. Vilevile "tatu" na "tano" hukaribiana masikioni mtu akisema haraka. Sema maneno ukipenda, lakini tarakimu ziweke kwa kidole.

Kurekodi sauti ni jambo tofauti. Hapo simu haiandiki chochote, inashika sauti tu. Ni njia nzuri kwa maelezo marefu, kama bwana shamba anapoeleza hatua za kuandaa kitalu. Mwombe ruhusa kwanza. Usitumie sauti kuwa daftari la madeni. Mkutano wa saa mbili uliorekodiwa, ukitafuta deni la mtu mmoja ndani yake, unaweza kulazimika kuusikiliza saa mbili tena. Maandishi unayapitia kwa macho mara moja. Na kuna jambo jingine ambalo sisi walimu wa watu wazima tunaliona: mwanakisomo aliyehamia kwenye sauti tupu, baada ya muda herufi humponyoka.

Kupiga picha ya ukurasa wa daftari ni akiba nzuri, hasa baada ya mkutano. Simama penye mwanga, kivuli chako kisianguke kwenye karatasi, kisha soma picha kabla daftari halijafungiwa.

Turudi njiani. Mama Katibu ana kitochi. Amezima njia ya kubahatisha. Ameandika jina la mzee, tarehe, na "amelipa 55000". Kisha anamwonyesha.

"Soma mwenyewe, baba. Ndivyo?"

"Miwani sina, mwanangu. Nisomee."

"Tano, tano, halafu sifuri tatu."

"Ndivyo. Tuma."

Mweka hazina anajibu kabla hawajaachana: "Nimepata. 55000."

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kwa nini herufi d na e zinasumbua katika simu ya vitufe? Tafuta neno jingine la Kiswahili lenye shida hiyo hiyo.

2. Bila njia ya kubahatisha, utabonyeza mara ngapi kuandika "amekopa"? Na "amekosa"? Hesabu, kisha ujaribu kwa simu. (Majibu: mara 11 na mara 14.)

3. Andika kwa tarakimu maana mbili za "elfu ishirini na sita".

4. Jadilini darasani: Mama Katibu alimsomea mzee tarakimu moja moja. Kwa nini hakusema tu "elfu hamsini na tano"?

5. Jadilini: Katibu wa kikundi chenu akipoteza simu leo, ni kumbukumbu zipi zitapotea, na zipi zitabaki?

6. Kabla ya somo lijalo, andika katika simu yako mambo matatu uliyoyasikia nje ya nyumba yako. Njoo uyasome mbele ya wenzako.