Kupogolea Nyanya za Nyumbani: Soma Pakiti Kabla ya Kukata

Mwenye bustani ya nyumbani hununua mbegu kwa fedha yake na kuitunza miche kwa takribani miezi mitatu akitarajia kitoweo cha familia. Matarajio hayo yaweza kupotea kwa kosa moja: kukata machipukizi ya aina ya nyanya isiyopaswa kukatwa.

Chipukizi la pembeni ni nini?

Ni tawi changa linaloota kwapani, yaani pale jani linapoungana na shina. Likiachwa, hukua na kuwa shina kamili lenye majani, maua na matunda. Machipukizi yakizidi, mmea husongamana, majani hukaa na unyevu kwa muda mrefu, na magonjwa kama bakajani hupata nafasi.

Tambua aina uliyonunua

Nyanya fupi, kama Roma VF na Cal J, hukua hadi kimo fulani, kisha ncha za matawi yake huishia kwenye maua. Sehemu kubwa ya matunda hubebwa na matawi ya pembeni. Ukiyaondoa, umeondoa mavuno. Punguza tu machipukizi ya chini yanayogusa udongo.

Nyanya ndefu, kama Moneymaker, huendelea kurefuka na kuzaa. Hizi ndizo husimikiwa miti ya kuegemea na kupogolewa.

Tafuta maelezo haya kwenye pakiti. Yasipokuwepo, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Tunza pakiti na risiti hadi mwisho wa mavuno, kwa kuwa jina la aina na namba ya kundi la mbegu ni ushahidi wako iwapo kitakachoota sicho ulichonunua.

Hatua za kupogolea nyanya ndefu

1. Kagua mimea kila wiki, asubuhi, umande ukishakauka.
2. Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umeshika tumbaku, kwani virusi vya batobato huenezwa kwa mikono. Mmea unaoutilia shaka uguse mwisho.
3. Tofautisha chipukizi na kichala cha maua. Chipukizi hutoka kwapani. Kichala hutoka kwenye shina lenyewe, kati ya jani na jani.
4. Vunja chipukizi kwa vidole likiwa halijazidi sentimita 10. Lililokomaa likate kwa kisu safi.
5. Bakiza shina moja au mawili. Ukihitaji la pili, acha chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza cha maua, kwani ndilo huwa na nguvu zaidi.
6. Usiondoe majani yanayokinga matunda. Jua kali huyaunguza.

Chipukizi lenye afya lisitupwe. Likipandikwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli huota mizizi, nawe ukapata mche mwingine bila gharama.

Jipime

1. Jirani anakushauri uondoe machipukizi yote ya Roma VF ili matunda yawe makubwa. Utamjibu nini?
2. Umeona kijitawi kimetoka kwenye shina, mbali na kwapa la jani. Je, utakivunja?
3. Kwa nini usitupe pakiti ya mbegu baada ya kusia?

Kama jibu lolote linakutatiza, rudia sehemu inayohusika kabla ya kuingia bustanini. Tawi likishakatwa halirudishwi.