Kikombe cha Mchicha Kina Uzito Gani?

Kazi yangu ni kupikia shughuli: arusi, maulidi, hitima. Mapishi ninayopewa huja kwa vikombe na mafungu, lakini oda ya sokoni lazima niiandike kwa kilo. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata katikati ya hayo mawili.

1. Kikombe cha mboga kina hewa ndani yake. Kikombe cha maji cha mililita 250 kina gramu 250, basi. Majani hayakai hivyo. Kikombe cha spinachi mbichi ni kama gramu 30 tu. Kikombe cha spinachi iliyopikwa na kunywea ni karibu gramu 180. Sasa mtu akikwambia "tia vikombe vinne vya spinachi" bila kusema ni mbichi au imepikwa, huenda anataka gramu 120 au gramu 720. Hiyo ni tofauti ya kulisha watu wawili au ukumbi mdogo. Mchicha na kisamvu navyo naviulizia vivyo hivyo kabla sijagusa sufuria.

2. Kisu hubadilisha kipimo. Kikombe cha karoti iliyokwaruzwa ni takriban gramu 110, ya vipande vidogo gramu 128. Kabeji iliyokatwa nyuzinyuzi ni gramu 70, ya vipande inakaribia 90. Ndiyo maana katika daftari langu siandiki "karoti" peke yake; naandika na jinsi ilivyokatwa.

3. Uliza kikombe ni cha wapi. Cha Marekani ni mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Na ukikuta mapishi ya zamani yenye ratili na wakia, ratili ni gramu 454, wakia ni kama 28.

4. Uzito wa sokoni si uzito wa sufuriani. Vikombe kumi vya vitunguu maji vilivyokatwa vidogo ni kama kilo 1.6. Maganda na vichwa havimo humo, kwa hiyo naagiza kilo 2. Njegere zenye maganda ndizo zinazodanganya zaidi: ukishazipukuchua, unabaki na chini ya nusu ya ulichonunua.

5. Sado na fungu zipimwe upya kila msimu. Sado, kindoo cha kupimia sokoni, ni ujazo, na nyanya kubwa huacha mapengo mengi zaidi kuliko nyanya ndogo. Fungu ndilo halina msimamo kabisa, linanenepa mvua ikinyesha na kukonda kiangazi. Nikifika jikoni naweka beseni tupu juu ya mizani, naurudisha usomaji kwenye sifuri, namimina, naandika kilo pamoja na mwezi. Jedwali hilo nimelitengeneza mwenyewe na ndilo ninaloliamini kuliko la kitabu chochote.

6. Penye chumvi ya kuhifadhia, vikombe havifai. Kabeji ya kuchachusha inataka chumvi kama asilimia 2 ya uzito wake: gramu 20 kwa kilo. Kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havilingani, na chumvi ikipungua mno kabeji inaoza badala ya kuchachuka.

Giligilani, pilipili mbuzi na majani ya mchaichai sivipimi. Hivyo natia kwa mkono, naonja, naongeza.