Dari linatona na mvua haijanyesha

Nyumba kadhaa za Kiriri, kule mlimani juu ya Bujumbura, zina viyoyozi ambavyo mabomba yake ya hewa hupita darini, chini ya mabati. Maswali ya wasomaji yanahusu maji yanayotokea humo.

Fundi, dari letu lina madoa ya maji. Tumekagua bati lote, hakuna tundu. Yanatoka wapi?

Angalia yanatona saa ngapi. Kama yanatona kiyoyozi kikiwaka, na umeme ukikatika yanakoma baada ya muda, bati halina kosa. Hewa ya hapa, ziwa likiwa miguuni petu, imejaa mvuke. Ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70, hutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 22 hivi. Bomba la hewa baridi huwa na nyuzi 12 au 14. Litaacha kutoka jasho? Hata chupa baridi ya bia ya Primus mezani hutoka.

Tumeshauriwa kulizungushia sponji ya godoro.

Msithubutu. Sponji hiyo inapitisha hewa: mvuke unapenya hadi kwenye bomba, unageuka maji humo humo, na sponji ikishalowa haizuii tena ubaridi. Tafuteni mpira mweusi wa povu, ule usionyonya maji, wa unene wa milimita 25. Mkitumia sufi ya kioo, karatasi yake ya alumini ikae nje, upande wenye joto, na kila kiungio kizibwe kwa utepe wa alumini. Kazi huharibika kwenye kona na pale waya wa kuning'inizia unapobana mpira ukawa mwembamba. Pitisheni mkono hapo. Penye unyevu ndipo penye kosa.

Mbona Julai asubuhi matone yapo, na kiyoyozi hatukuwasha?

Hilo sasa ni bati. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, bati hupoteza joto kuelekea angani likapoa kuliko hewa inayolizunguka. Ulizeni mvuke umefikaje darini. Mara nyingi ni feni ya bafu iliyoishia humo, uvivu mtupu wa fundi. Itolewe nje ya paa, na upenuni pawe na matundu ya hewa yenye wavu, maana popo nao wanatafuta nyumba.

Dada yangu yuko Ottawa. Feni ya bafu lake inadondosha maji majira ya baridi.

Kwake mambo yamegeuka: mvuke uko ndani ya bomba, ubaridi uko darini. Alivike bomba sufi nene tangu kwenye feni hadi linapotokea nje, alifupishe, lisiwe na tumbo la kutuamisha maji, na liinamie nje. Akimaliza kuoga, feni iendelee dakika 20. Bomba likiishia darini, mvuke utaganda chini ya mbao za paa, na siku jua likiwaka atadhani paa linavuja. Akague pia kilango cha nje: barafu ikikibana, feni inavuma bure.